Kunguru wa pwani: sumu, mtego na ndege anayekariri sura

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza nia ya kuangamiza kunguru milioni moja wa Bara Hindi kabla mwaka haujaisha, na silaha yenyewe ni sumu. Mabishano yaliyofuata yanajulikana. Upande mmoja unauliza inakuwaje ndege mwenye akili kiasi kile atiliwe sumu kama panya. Upande wa pili unanyakuliwa vifaranga uani kila asubuhi, hauna muda wa kujadili akili ya mwizi. Katikati wamekwama watu wanaoijua kazi yenyewe, nao wamebandikwa jina la wakatili wasiomjua kunguru. Ajabu ni kwamba hakuna anayeiheshimu akili ya kunguru kuliko mtu aliyewahi kujaribu kumpunguza.

Tumtambue kwanza, maana makosa huanzia hapa. Anayesakwa ni Corvus splendens, mwembamba, mwenye shingo ya kijivu, ambaye Mombasa wengi humwita kurabu. Kunguru wa kwetu, Corvus albus, ni mkubwa zaidi na kifua chake ni cheupe pepe. Huyu ni mwenyeji, na katika miji ya pwani amesukumwa kando na huyo mgeni. Mgeni aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji. Kufikia 1917 alikwisha kuhesabiwa miongoni mwa waharibifu, na miaka thelathini baadaye alikuwa ameshafika Mombasa. Kwao kuna ndege wa jamii ya kekeo anayetaga katika tundu lake na kumtwisha malezi ya kinda lisilo lake. Huku ndege huyo hayupo. Amekuta majalala, miembe na nyaya za kujengea tundu, bila mdai.

Bunduki ndiyo wazo la kwanza la kila mtu, na ndiyo mbaya kuliko zote. Risasi ya kwanza huangusha mmoja, pengine wawili. Waliobaki hupaa na kuzunguka juu ya maiti wakipiga kelele, na wengine huja kutoka mitaa ya jirani kutazama. Macho yao hayako kwa maiti tu, yako pia kwa aliyesimama karibu nayo. Kesho yake mtu yuleyule akitokeza mlangoni, mti unabaki mtupu. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake; walichokiacha ni kwamba huwafundisha na wenzake. Jambo hilo limepimwa. Mwaka 2006, Seattle, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walivaa barakoa ya sura moja, wakakamata kunguru saba, wakawavisha pete miguuni na kuwaachia. Tangu siku hiyo kila barakoa ile ilipopita chuoni ilizomewa, na kwa miaka kadhaa wazomeaji waliongezeka badala ya kupungua, wakiwamo ambao hawakuwapo siku ya kukamatwa. Ilichukua miaka 17 kelele kuisha. Hao ni kunguru wa spishi nyingine, sawa. Lakini pia hakuna aliyeuawa katika jaribio lile. Walishikwa tu, wakaachiwa.

Bunduki ina mahali pake pamoja, mwishoni kabisa. Kisiwani Socotra, Yemen, kunguru hawa waliondolewa wote: makinda yalitolewa matunduni miaka kadhaa, na wachache waliosalia wakapigwa risasi mwaka 2009. Kundi lilikuwa dogo tangu mwanzo. Mombasa au Dar es Salaam si Socotra.

Mtego una adabu zaidi, na wengi wanaopinga sumu huutaja kama jibu. Unaofaa ni kizimba cha waya chenye kimo cha mtu, urefu wa mita tatu hivi. Paa lake limebonyea katikati kama herufi V, na penye mbonyeo imelazwa ngazi ambayo vipago vyake vimeachana kwa takriban sentimita 15. Kunguru hukunja mabawa na kujidondosha ndani. Ili atoke inabidi akunjue mabawa, na nafasi haimpi. Matumbo ya samaki peke yake hayatoshi kumshusha. Lazima ndani wawemo kunguru wenzake walio hai wakila, kwa kuwa chakula kisicho na mlaji humtia shaka. Hapo ndipo kazi huharibika. Chambo hai wakikosa maji na kivuli hadi saa sita mchana hunyong'onyea, na kizimba chenye ndege mnyonge hakishukiwi na yeyote. Mwenye mtego akiingia mchana na kuwanyonga walionaswa huku wenzao wako juu ya mwembe wakimtazama, mtego umekufa siku hiyohiyo. Kutoa hufanywa usiku, wengine wakiwa malaloni. Hubakizwa watano au sita wenye afya, na manyoya yaliyopukutika huokotwa yote. Tena usitege hatua ishirini kutoka jalalani, maana aliyeshiba karamu haitiki mwaliko.

Ukiyafuata hayo yote, bado utanasa zaidi makinda ya mwaka huo. Wakubwa waliokwisha kuona mambo hukaa pembeni wakitazama. Makinda hayo, mengi yangekufa yenyewe kabla ya kutaga.

Sasa sumu. Inayobishaniwa inaitwa Starlicide, na kemikali yake inajulikana kwa jina la DRC-1339. Huharibu figo za ndege, damu ikajaa taka ambazo figo zingezitoa. Kifo huja baada ya saa nyingi, mara nyingi akiwa amesharudi mtini anakolala, mbali na mahali alipokula. Wapinzani husoma ucheleweshaji huo kama ukatili wa kurefusha mateso. Lakini bila huo hakuna kampeni. Sumu ya haraka humwangusha wa kwanza palepale mezani, na mia wanaosubiri zamu wanajifunza somo moja: nyama hii, mahali hapa, mtu huyu. Ukichelewesha kifo, mnyororo wa sababu na matokeo unakatika hata kwa ndege huyu hodari wa kuunganisha mambo.

Ndiyo maana siku za sumu ni chache kuliko siku za maandalizi. Kwanza hutolewa nyama isiyo na kitu, iliyokatwa vipande vidogo, siku kadhaa mfululizo, saa ileile, juu ya jukwaa lilelile, na mtu yuleyule. Anahesabu wanaoshuka. Anaandika pia ndege wengine wanaojitokeza, na akiona kunguru wetu wa kifua cheupe wanashuka, mahali hapo panaachwa. Siku ya sumu hakibadiliki hata kimoja: nyama ileile, saa ileile, hata nguo ziwe zilezile. Vipande vikiwa vikubwa kunguru huondoka navyo mdomoni kwenda kuvificha, na kimoja kikidondoka uani kwa mtu ndipo maafa huanza. Jioni mabaki huokotwa, huhesabiwa na kuzikwa. Hii ni kazi ya mwenye leseni na mafunzo. Fundi wa mtaani anayepaka nyama kwa kabofurani, ile dawa ya kuua wadudu wa mimea, hafanyi jambo hilihili kwa bei nafuu. Kabofurani huua mbwa, huua tai, na anayekula mzoga naye hufa. Starlicide kwa sehemu kubwa huvunjikavunjika ndani ya mwili wa ndege kabla hajafa, kwa hiyo anayekula mzoga wake yuko katika hatari ndogo mno.

Ndogo, haijawa sifuri, na hapa wapinzani wana hoja ya kusikilizwa. Figo za kuku, njiwa na bundi hazihimili kemikali hii. Kuku akiokota kipande kilichodondoka, yuleyule anayenyakuliwa vifaranga ndiye atakayelipa. Wanauliza pia kuhusu kunguru mwenyewe: saa zake za mwisho ni za kiu na unyonge, na kusema anakufa kimya hakumpunguzii maumivu. Hoja yao ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mwakirunge, Mombasa, na Pugu, Dar es Salaam, majalala yako wazi, mabucha na soko la samaki vinamwaga matumbo nje, na nafasi inayoachwa na kunguru aliyekufa hujazwa na kinda lililokosa chakula jana.

Hoja hiyo ya taka hutolewa kana kwamba inaipinga sumu. Ukiitafakari, inaipinga ile milioni moja. Namba ya waliokufa haisemi kitu bila namba ya waliobaki. Chukua mfano wa mezani: kundi la kunguru elfu moja, jozi mia nne zinazozaa, kila jozi ikifikisha makinda mawili hadi kuruka. Ni mia nane kwa mwaka, tukiviweka kando vifo vya kawaida. Ukiua mia tatu umewapunguzia tu ushindani kwenye jalala, na waliosalia watakula vizuri zaidi. Ukiua mia nane umesimama ulipoanzia. Ni pale unapovuka hapo, tena mwaka baada ya mwaka, ndipo kundi linaanza kushuka. Unguja imeshapita njia hii. Miaka ya 1990 mradi wa mitego na sumu uliwapunguza sana, fedha zikaisha, kunguru wakarudi. Watamu na Malindi walikuwa wamewabana vizuri hadi uingizaji wa Starlicide uliposimamishwa katikati ya miaka ya 2000, nao wakarudi vilevile.

Tuyaweke pamoja haya na ile barakoa ya Seattle. Kampeni inayoishia njiani imewaua wale wepesi wa kuamini na kuwaacha wenye shaka, ambao sasa ndio wazazi na walimu wa kizazi kijacho. Kampeni ya pili itawakuta wagumu zaidi, na itahitaji vifo vingi zaidi kufika palepale. Kama akili ya kunguru inampa haki ya kuonewa huruma, na kwa maoni yangu inampa, basi aliyeua nusu na kuondoka amemdhulumu kuliko aliyemaliza kazi. Heri asingeanza.

Kwa hiyo sumu naiunga mkono kwa masharti ambayo tangazo la namba haliyataji: fedha za miaka mitano mezani kabla ya kipande cha kwanza cha nyama, na matumbo ya samaki yafunikwe kwanza. Njaa humshusha jukwaani hata yule mkubwa mwenye shaka. Jalala likiwa wazi, hana haja ya kushuka.

Na hesabu ifanyike jioni. Kuanzia saa kumi na moja kunguru hurudi malaloni kwa njia zilezile. Wahesabuji wawili wakisimama mahali pa wazi chini ya kila njia na kuhesabu kwa makumi hadi giza, jioni tatu mfululizo, wana namba ya kuanzia. Irudiwe mwezi mmoja baada ya sumu, kisha tena baada ya makinda ya msimu kuanza kuruka. Hesabu ya mwezi mmoja baada ya sumu itapendeza karibu kila mahali. Ile ya baada ya makinda kuruka ndiyo itangazwe.