Shafti ya draiva: tusianze na herufi

Siku niliyonunua draiva yangu ya kwanza, ile fimbo ya gofu ya kupiga mbali, muuzaji aliniuliza umri, akanitazama mabega, akanikabidhi yenye shafti (ufito wa fimbo) ya herufi S. Hakuniona nikipiga hata mpira mmoja. Nilicheza nayo miezi saba, na muda mwingi niliutumia kusaka mipira kwenye miti ya upande wa kulia. Tangu hapo, kila nikiwasikia wenzangu wakibishana baada ya shimo la 18 kuhusu R na S, naona tunaanza na jambo ambalo lingepaswa kuja la tatu.

Herufi hizo zinaonyesha jinsi shafti inavyonesa. L ndiyo laini kuliko zote, kisha A, R, S, na X ambayo ni ngumu kabisa. Wanaozitegemea wana hoja nzito: kadiri kichwa cha fimbo kinavyokwenda kasi, ndivyo shafti inavyolemewa, kwa hiyo mwenye kasi anahitaji iliyo ngumu. Mwongozo unaotumika sana unampa R anayepiga kwa maili 85 hadi 95 kwa saa, S hadi karibu 105, na anayezidi hapo X. Mwanamume wa kawaida wa klabuni hupiga kwa maili 93 hivi, ilhali wastani wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, unapita 110. Ukizitazama namba hizo, wengi wetu tunaobeba S tunaibeba kwa sababu ya jina, na tunaadhibiwa: mpira unaruka chini, kisha unapinda kulia.

Lakini hoja hiyo ina ufa. Herufi hazina kipimo kimoja kinachozifunga kampuni zote, na R ya kampuni hii yaweza kuwa ngumu sawa na S ya ile. Halafu kasi peke yake haitoshi kueleza swingi ya mtu, yaani anavyoipandisha na kuishusha fimbo. Chukua wachezaji wawili wa maili 95. Mmoja anapandisha fimbo taratibu, anatulia kidogo juu, ndipo anashuka. Mwingine anaing'oa fimbo kule juu kama anayekata kuni. Kasi yao kwenye mpira ni ileile, lakini shafti ya huyu wa pili inaonja nguvu ya ghafla ambayo ya mwenzake haiijui kabisa. Wa kwanza atafurahia R, wa pili huenda akatulia zaidi na S.

Hata hivyo, kwangu urefu ndio unaotangulia. Draiva nyingi za dukani zina inchi 45.5 au zaidi, kwa sababu fimbo ndefu huongeza kasi, na kasi ndiyo inayouza. Wanaopenda urefu watakutajia Phil Mickelson, aliyeshinda PGA Championship ya 2021 pale Kiawah Island akiwa na miaka 50, mkononi draiva ya inchi 47.9. Tangu 2022 waandaaji wa mashindano wana ruhusa ya kuweka kikomo cha inchi 46, na PGA Tour imekitumia. Upande wa pili yuko Tiger Woods: alishinda Masters ya 1997 kwa mapigo 12 akiwa na draiva fupi yenye shafti ya chuma, wakati wengi walishahamia grafaiti. Wote wawili walikuwa na uwezo wa kuupata mpira katikati ya uso wa fimbo. Sisi je?

Hilo unaweza kulijua leo. Kedi mmoja mzee, mbebaji wa fimbo za wachezaji, alinionyesha: alipaka uso wa draiva yangu poda ya miguu, akaniambia nipige mipira kumi, akipaka upya kila baada ya mpigo. Alama saba zilikaa karibu na shingo ya fimbo. Kisha akaniambia nishike inchi moja chini zaidi kwenye mpini. Alama zikasogea katikati, na mipira miwili tu ndiyo iliyoingia mitini. Shafti ilikuwa S ileile.

Ukishapata urefu, njoo kwenye uzito. Shafti ya gramu 45 humsaidia anayepungukiwa na nguvu. Mwenye haraka juu ya swingi hutulizwa na ya gramu 60 au 65, kwa sababu anahisi kichwa kilipo. Ukikata shafti kwa nusu inchi, kichwa kitahisika chepesi, na kipande cha utepe wa madini ya risasi nyuma ya kichwa hurudisha hali.

Mashine za kupima mpigo nazikubali kabisa, mradi usichague shafti kwa mpira mmoja ulioruka mbali kati ya kumi. Angalia ile tisa mingine ilianguka wapi. Na kumbuka unakochezea: hewa nyepesi ya Nairobi huupeleka mpira mbali kuliko Mombasa, na shafti inayokupa mpira wa juu pale Muthaiga inaweza kukutesa upepo wa bahari ukivuma pale Nyali.

Anayeanza gofu, ambaye swingi yake inabadilika kila mwezi, nisingemshauri alipie shafti ya bei. Ashike chini kwenye mpini, apake poda, apige. Ila anayepita maili 105 huku alama zake zote zikiwa katikati ya uso, huyo na aanze na herufi.