Eti Hawasumbui

Kuna video inazunguka ya kobe mdogo wa maji ndani ya beseni la plastiki. Hana hata jiwe la kupanda ajianike. Mwenyewe anajisifu: "Huyu hasumbui, halii, wala hali sana." Watu wanammiminia pongezi.

Hali sana kwa sababu ana baridi, ndugu yangu! Kobe hatengenezi joto lake kama wewe, hulipata nje ya mwili, na akilikosa hata alichokimeza hakisagiki vizuri. Mpe upande wa joto na upande wa ubaridi, achague mwenyewe.

Halafu kuna hawa wa "namweka dirishani aote jua". Jua gani? Kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno aina ya B (UVB, miale ya jua isiyoonekana kwa macho), ile ile anayoihitaji ili ngozi yake itengeneze vitamini D3. Asipokuwa na vitamini hiyo, kalisiamu unayomlisha haifyonzwi ipasavyo, na mwili unaanza kuichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Gamba linakuwa laini, ukiligusa linabonyea. Kwa kinyonga miguu hupinda, taya hulegea, ulimi anaurusha na haumfikii mdudu. Na taa ya mionzi hiyo ina hila yake: mionzi hufifia miezi mingi kabla balbu haijaungua, wewe unaona inawaka tu, unaridhika. Aliyekuuzia beseni hakukwambia? Ajabu kweli.

Haya, nakubali kwa shingo upande: chatu mkubwa akishiba hukaa wiki kadhaa bila kudai kitu, na wapo wafugaji ambao wanyama wao wamezeeka mikononi mwao. Ila hao hawakosi kipimajoto.

Chura usimshikeshike, anakunywa kwa ngozi, na klorini ya maji ya bomba hupita hapo hapo. Kinyonga humnyweshi kwa bakuli, yeye hulamba matone ya maji majanini. Na nawa mikono ukishawagusa, salmonela, bakteria wa kuharisha, haichagui.

Yule kobe wa masikio mekundu anayeuzwa akiwa mdogo kama sarafu anaweza kufika sentimita 30 na kuishi miaka 30. Beseni likimshinda, anatupwa mtoni, anagombania chakula na mahali pa kuota jua na kobe wenyeji. Ndiyo maana yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Aliyemtupa hayumo.