Siku ya mwisho Xi'an tuachieni wenyewe

Nina neno na wanaopanga safari za kikundi za China, maana ndo nimerudi juzi na bado roho inaniuma.

Tulikuwa Xi'an siku nne, kundi la watu wa Dar na Tanga. Siku tatu za mwanzo sina lawama kabisa. Tumeziona zile sanamu za askari wa udongo ambazo wakulima walizigundua 1974 wakichimba kisima, tumepanda ukuta wa mji wa enzi za wafalme wa Ming, kilomita 13.7 kuuzunguka wote na juu ni barabara kabisa, unakodi baiskeli unapita juu ya mji mzima upepo unakupiga, raha tupu.

Sasa siku ya mwisho. Ndege usiku, mabegi chini saa moja asubuhi, tukajua tuna siku nzima. Kumbe ratiba ni duka la vito vya jade, likitoka hilo mashuka ya hariri, halafu chai. Mnaingizwa chumbani, dada anaelezea weee dakika arobaini, kisha mnapitishwa kaunta moja baada ya nyingine na mlango wa kutokea uko mwisho kabisa. Na hii sio bahati mbaya jamani. Safari ikiuzwa bei ya chini sana, pengo linazibwa na kamisheni ya maduka, ndo maana China wenyewe waliweka kwenye Sheria ya Utalii iliyoanza Oktoba 2013 kwamba kampuni isiwapangie watalii maduka maalum isipokuwa kwa makubaliano nao. Makubaliano yetu yalikuwa kwenye fomu tuliyosaini Dar bila kusoma, na aliyetuuzia safari hakutuambia kitu.

Baada ya duka la pili mzee mmoja wa Tanga akagoma kupanda basi. Akaniambia, "Mwanangu, nimekuja mpaka huku, nirudi na shuka sijaswali kwenye msikiti wao?" Tukamwomba mwongozaji, kijana mpole tu, akapiga simu mbili tatu, tukapewa masaa mawili na nusu.

Msikiti Mkuu wa Xi'an uko ndani ya mtaa wa Wahui, yaani Wachina Waislamu, karibu na Mnara wa Ngoma, jengo la kale la mji. Wenyeji wanasimulia ulianza 742 wakati wa wafalme wa Tang, majengo ya sasa asili yake ni Ming, 1392. Ukiingia hutaona kuba hata moja, ni paa za Kichina zilizopinda, bustani, na mnara wake wa ghorofa kama pagoda, lakini kwenye mbao na mawe herufi za Kiarabu zimejaa. Kwetu pwani ukisema kibla umesema kaskazini, huku tukaelekea magharibi, mzee akasimama kidogo akatafakari kisha ndo akafunga swala. Nje wazee wenye kofia nyeupe wakatupokea kwa salamu alaykum, hatuna neno lingine la kuelewana lakini tulishikana mikono kama watu wa mtaa mmoja, nikahisi machozi kabisa.

Tukatoka hapo kwenda kula paomo. Unapewa mkate mgumu na bakuli, unaumega mwenyewe vipande vidogo kama punje za maharage, jikoni wanaupika na supu ya kondoo. Sisi tukamega matonge, muuzaji akaturudishia mabakuli huku anacheka, akakaa na mzee kumwonyesha vidole vinavyofanya. Hicho chakula hakitaki haraka, ukimega unaongea, na sisi simu inaita basi linasubiri, mwongozaji ana wasiwasi, tukanywa supu ya moto midomo inaungua tukaacha nusu.

Mji tulioupitia dirishani siku tatu tuliugusa kwa hayo masaa mawili na nusu tu, na tuliyapata kwa kugoma. Kwa nini yasiwe kwenye ratiba? Siku ya mwisho mtu keshajua njia, hofu imeisha, ndo siku ya kumwachia atembee. Kama bei lazima ipande kidogo ili maduka yatoke, ipandisheni mtuambie, wengi tutalipa. Na wewe unayetaka kwenda, kabla ya kutoa hela omba ratiba ya siku ya mwisho kwa maandishi, saa kwa saa, na ukiona duka uliza tunakaa muda gani na nani kasema tunataka kwenda.