Divai nyeupe ya Rhône yenye chapa ya duka: inunue, lakini isome kwanza

Divai yenye chapa ya duka hudharauliwa kwa kuwa haina mwenyewe. Lebo haitaji familia wala haionyeshi shamba, na mara nyingi mkataba kati ya duka na mtengenezaji humzuia mtengenezaji kujitangaza. Kwa Pinot Noir dharau hiyo naielewa: zabibu ile inatafutwa kwa jina lake, na mzigo mzuri haukawii sokoni ukisubiri bei ishuke. Mchanganyiko mweupe wa mtindo wa Rhône una hesabu nyingine kabisa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mtu mwenye pesa kidogo anapopata divai nyeupe bora kuliko alivyotegemea.

Sababu iko kwenye asili yake. Kusini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, divai nyeupe kwa kawaida haisimami juu ya zabibu moja. Grenache Blanc huipa mwili na kilevi. Clairette na Bourboulenc huleta ukali (yaani uchachu wa asidi) unaoichangamsha, Roussanne huleta peasi na asali, Marsanne huongeza uzito na ladha ya lozi, kisha Viognier hutia manukato ya aprikoti na maua. (Kaskazini ni habari nyingine: Condrieu ni Viognier tupu, Hermitage nyeupe ni Marsanne na Roussanne, na zote mbili ni ghali.) Chapa za duka huiga kusini, na kusini ustadi mkubwa uko kwa mchanganyaji. Mnunuzi wa duka anayekusanya divai iliyobaki kwenye matangi ya watu mbalimbali hafanyi jambo geni kwa mtindo huu. Tangi lililolegea kwa kukosa ukali hukazwa na tangi kali. Lisilo na harufu huinuliwa na lenye harufu nyingi.

Huko California kuna sababu ya ziada. Mwaka 1989 familia ya Perrin, wenye shamba la divai la Château de Beaucastel huko Rhône, pamoja na Robert Haas, mwagizaji wa divai wa Marekani, walianzisha shamba la Tablas Creek huko Paso Robles. Waliagiza miche kutoka Ufaransa, ikakaa karantini, kisha wakawauzia wakulima wengine vipandikizi. Zabibu za Rhône zikaenea kwenye mashamba mengi, lakini majina yake hayajawahi kuvuta wanunuzi kama Chardonnay. Divai nzuri isiyo na jina linalovuta ndiyo inayoishia kwenye chupa ya duka.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni Viognier kuzidi. Zabibu hii huchelewa kutoa harufu: ukiichuma mapema unapata maji makali yasiyonukia, ukiisubiri, sukari inapanda, ukali unashuka, na divai inafika asilimia 14 au 15 ya kilevi. Kwenye meza ya kuonja hushinda haraka kwa kuwa hunukia papo hapo, ndiyo maana mnunuzi wa duka hushawishika kuiongeza kwenye mchanganyiko. Ikivuka theluthi moja ya mchanganyiko, mara nyingi glasi ya kwanza hupendeza na ya pili hukinaisha: harufu ya sabuni, mafuta ulimini, uchungu mwishoni. Kipimo ninachokiamini ni asilimia 10 hadi 20 ya Viognier, Grenache Blanc ikichukua karibu nusu, na zilizobaki wagawane Roussanne na Marsanne. Lebo ya nyuma ikitaja asilimia, anza kuangalia hapo. Ikiorodhesha zabibu bila asilimia na Viognier ikawa ya kwanza, nunua chupa moja tu kwanza.

Kasoro ya pili ni mwaloni wa bandia. Pipa jipya la mwaloni ni ghali, kwa hiyo vipande vya mwaloni hutumbukizwa kwenye tangi la chuma. Utaijua kwa vanila inayotangulia matunda na ukavu wa vumbi la mbao kwenye fizi. Divai hii haihitaji mwaloni hata kidogo. Tangi la chuma peke yake huitosha. Ya tatu ni hewa. Grenache Blanc na Roussanne huharibiwa na hewa upesi, na divai iliyohamishwa tangi hadi tangi kabla ya kutiwa chupa imekwisha kukutana nayo mara nyingi. Rangi ya dhahabu iliyoiva kwenye divai ya mwaka mmoja, na harufu ya tufaha lililopondeka, ni dalili kwamba imechoka. Chagua mavuno mapya kabisa yaliyoko rafuni. Hii si divai ya kuweka. Imalize ndani ya miaka miwili tangu mavuno.

Kwa divai ya Marekani, mstari mdogo unaotaja aliyeitia chupa una maana kisheria. Maneno “Produced and bottled by” yanamaanisha aliyetajwa amechachusha angalau asilimia 75 ya divai hiyo. “Cellared and bottled by” au “Vinted and bottled by” hayadai hivyo: divai inaweza kuwa imenunuliwa ikiwa tayari. Hilo si kosa, lakini linakuonya kwamba mzigo wa mwakani unaweza kutoka kwingine kabisa chini ya lebo ile ile.

Halafu kuna jambo linaloharibu chupa nyingi nzuri baada ya kununuliwa: baridi. Friji ya nyumbani iko karibu nyuzi 4, na kwenye baridi hiyo harufu ya Roussanne na Marsanne hulala, ukabaki na uchungu peke yake. Itoe dakika 25 au 30 kabla ya kumimina, ifike nyuzi 10 hadi 12. Tumia glasi yenye tumbo pana na ujaze theluthi tu. Ikizidi nyuzi 15, kilevi kitaanza kuchoma pua, kwa hiyo irudishe kwenye baridi kidogo. Kwa chakula, ipe kuku wa kuoka, mchuzi wa krimu au samaki mwenye mafuta. Mbele ya chakula chenye ndimu nyingi au siki huonekana imelala, kwa kuwa ukali wake ni mdogo.

Ukijua hutaimaliza, usingoje. Mara tu unapoifungua, jaza chupa ndogo safi ya mililita 375 hadi shingoni, funga, weka kwenye friji. Itakaa siku nne bila shida. Nusu iliyoachwa ndani ya chupa kubwa huanza kufifia siku ya pili.

Na ukikuta nzuri, piga picha mwaka wa mavuno pamoja na namba ya shehena iliyochapwa kwenye kioo au lebo ya nyuma, kisha urudi dukani wiki hiyo hiyo. Linganisha namba kabla ya kubeba chupa sita.