Maji msiyaingize kwenye kisasi

Nimesoma hii habari ya India na Pakistan nikiwa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, roho imeniuma kweli. Watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir upande wa India, tarehe 22 Aprili 2025, karibu wote watalii waliokwenda kupumzika na familia zao, waliofanya vile wasakwe mpaka wapatikane, hapo sina huruma kabisa. Ila kesho yake tu serikali ya Modi, waziri mkuu wa India, ikailaumu Pakistan na kusimamisha mkataba wa kugawana maji ya mto Indus na Pakistan jamani, mkataba wa 1960 ambao hata vita ya 1965 na ile ya 1971 hazikuuvunja! Mkulima wa Punjab kule Pakistan anayetegemea mfereji kamuua nani? Sisi wa ziwani hili tunalielewa maana Victoria tunalo na Kenya na Uganda. Sharif, waziri mkuu wa Pakistan, alishasema yuko tayari kwa uchunguzi huru, si wangeanzia hapohapo wakakaa mezani, badala yake Mei wakarushiana makombora siku nne watoto wakafa pande zote ndo tarehe 10 wakasitisha, na mkataba India wakauacha umesimamishwa vilevile. Modi na Sharif shikeni simu muongee wenyewe, maji yarudi kwenye mkataba kwanza.