Safuwima Tano au Entiti Nzima? Orodha za Wanachama Ndani ya Java

Chukua mfumo wa chama cha ushirika wa maziwa, wa aina inayoandikwa kila mara na waunda programu wa Nakuru na Kisumu. Jedwali la wanachama lina safuwima 38, na kati yake zimo picha ya pasipoti na nakala ya kitambulisho, zote mbili zikiwa bytea, yaani baiti ghafi, ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL. Karani wa Njoro anapofungua orodha, anataka kuona vitu vitano: namba ya mwanachama, jina, kituo, simu na salio. Programu inaita `findAll(pageable)` ya Spring Data JPA, maktaba ya Java ya kufikia hifadhidata, ili ilete ukurasa mmoja, na Hibernate, inayogeuza mistari ya jedwali kuwa vitu vya Java, inamvutia safuwima zote 38.

Wapo wanaosisitiza kwamba orodha isiguse entiti, yaani klasi ya Java inayowakilisha jedwali zima, kamwe: taja safuwima unazotaka, basi. Wengine hujibu kwamba entiti ndiyo sura ya kweli ya data, na kuandika klasi nyingine kwa kila skrini ni kujiongezea kazi ya matunzo. Kila upande una haki yake, ila mabishano haya husahau kwamba namna ya kugawa kurasa huweza kugharimu kuliko safuwima zenyewe.

Tuanze na hesabu. Picha ikiwa kB 150 na kitambulisho kB 300, kila mwanachama anabeba kB 450. Ukurasa wa watu 20 ni MB 9 kutoka hifadhidata hadi seva ya programu. Ndani ya muamala (transaction) wa kawaida, Hibernate hubaki pia na nakala ya hali ya mwanzo ili baadaye itambue kilichobadilika, na kwa `byte[]` nakala hiyo ni ya baiti zote. Hapo ni MB 18. Makarani 20 wakifungua orodha kwa pamoja siku ya malipo, MB 360 zimeshikwa, na seva iliyopewa `-Xmx512m`, yaani kikomo cha kumbukumbu cha MB 512, inakaribia `OutOfMemoryError`. Zile safuwima tano, kwa watu haohao 20, hazifiki hata kB 5. Kuweka `@Transactional(readOnly = true)` huondoa ile nakala ya pili, lakini MB 9 za kwanza zinabaki palepale.

Sasa toa picha na kitambulisho kwenye hesabu. Safuwima 36 zilizobaki ni fupi, tuseme baiti 600 kwa mstari, yaani kB 12 kwa ukurasa mzima. Tofauti ya kB 12 na kB 5 hakuna karani atakayeihisi. Isitoshe, PostgreSQL husoma diski kwa vipande vya kB 8 vyenye mistari kamili. Ukiomba jina tu, kipande kilekile kinasomwa. Thamani kubwa ndizo zinazotendewa tofauti: mstari ukipita takriban kB 2, thamani hizo hubanwa au huhamishiwa kando, kwenye hifadhi iitwayo TOAST, na zilizo kando hazisomwi mpaka uziombe. Ndiyo maana kuchagua safuwima huleta nafuu kubwa pale penye safuwima nzito, na nafuu ndogo mno kwingineko. Ipo njia ya kupunguza usomaji wenyewe, nayo ni indeksi iliyobeba safuwima za ziada kwa `INCLUDE`, iliyopo tangu PostgreSQL 11, ambayo hujibu bila kugusa jedwali. Lakini jedwali linalobadilika kutwa nzima huzuia faida hiyo hadi `VACUUM`, usafishaji wa PostgreSQL, ipite.

Kuna hoja nyingine ninayoipa uzito kuliko kasi. Entiti ikigeuzwa moja kwa moja kuwa JSON inayotumwa kwa skrini, namba ya kitambulisho inafika kwenye simu ya karani hata kama skrini haiionyeshi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data binafsi iwe ile tu inayohitajika kwa kusudi lake. Orodha ya safuwima tano inatimiza sharti hilo tangu kwenye SQL, bila kumtegemea mtu akumbuke kuweka `@JsonIgnore`, alama ya kuficha sehemu kwenye JSON.

Umbo ninalolipendekeza ni hili, record (klasi fupi ya kubeba data tu) yenye zile safuwima tano pamoja na `id`:

```java
record MwanachamaOrodha(Long id, String namba, String jina,
        String kituo, String simu, BigDecimal salio) {}

@Query("""
  select new ke.ushirika.MwanachamaOrodha(
      m.id, m.namba, m.jina, k.jina, m.simu, m.salio)
  from Mwanachama m left join m.kituo k
  order by m.jina, m.id
  """)
Slice<MwanachamaOrodha> orodha(Pageable p);
```

Hiyo `left join` haipo kwa urembo. Ukiandika `m.kituo.jina` kwa mkato, Hibernate huunda inner join, inayoacha mistari isiyo na mwenza, na mwanachama ambaye hajapangiwa kituo anatoweka kwenye orodha bila kosa lolote kuonekana. Angalia pia mpangilio wa thamani kwenye mabano: namba, jina, kituo na simu zote ni `String`, hivyo ukibadilisha nafasi za mbili kati yake, programu itaanza vizuri na kuonyesha simu mahali pa kituo.

Wanaopenda interfesi badala ya record wajihadhari na mitego miwili. Getter (mbinu ya kusoma sehemu) yenye `@Value` na usemi wa SpEL, lugha ya semi ya Spring, huifanya Spring ilete entiti nzima, kwa sababu usemi huo unaweza kugusa sifa yoyote. Na interfesi iliyo ndani ya interfesi, mfano `getKituo()` inayorudisha interfesi nyingine, huleta safuwima zote za kituo. Macho yanaona sehemu chache, SQL inaleta kila kitu.

Upande wa entiti una nguvu yake halisi pale salio linapokokotolewa na mbinu iliyo ndani ya klasi, kwa kutoa mkopo na bei ya chakula cha mifugo alichochukua mwanachama. Kanuni hiyo ukiinakili kwenye JPQL, lugha ya maombi kama lile la `select` hapo juu, una kanuni mbili, na siku moja zitatofautiana mbele ya mkulima. Hapo heri kuvuta entiti na kuhamishia picha kwenye jedwali lake. Skrini ya kuhariri nayo ni ya entiti, daima. Kosa baya kuliko yote katika mada hii ni entiti nusu: mtu anaandika `select new Mwanachama(m.id, m.jina)`, anabadilisha jina, kisha anaita `save`. Kwa kuwa id ipo, Spring Data huita `merge`, na kila sehemu ambayo haikujazwa inaandikwa `NULL` juu ya data nzuri, simu na salio zikiwamo. Kama `@Version`, namba ya toleo la mstari, haipo na safuwima hizo zinaruhusu `NULL`, hakuna kitakacholizuia.

Kwenye kurasa, hamia kwenye jedwali la maziwa yaliyopokelewa. Wanachama 4,000 wakileta maziwa asubuhi na jioni, ni mistari 8,000 kwa siku, karibu milioni 3 kwa mwaka. Ukurasa wa 5,001 wa mistari 20 una `OFFSET 100000`, yaani hifadhidata inapita mistari laki moja na kuitupa ndipo itoe 20. Kupunguza safuwima hakuiondoi safari hiyo. Ukirudisha `Page`, ukurasa unaokuja na jumla ya rekodi, kwa kawaida kwiri (ombi kwa hifadhidata) ya `count` huongezwa kila unapofungua ukurasa uliojaa, na PostgreSQL huihesabu mistari upya kila mara. `Slice` huomba mistari 21 kujua kama kuna ukurasa unaofuata, na kwa karani anayebofya "endelea" hiyo inatosha. Mhasibu anayetaka jumla ya rekodi apewe `Page`, kwenye skrini yake tu.

`OFFSET` ina dosari nyingine inayoumiza zaidi asubuhi. Karani anasoma ukurasa wa kwanza huku mapokezi mapya yakiingia juu. Akifungua wa pili, anakutana tena na mistari aliyokwisha kuiona. Dawa ni kuendelea kutoka mstari wa mwisho, `where (tarehe, id) < (:tarehe, :id)`, pamoja na indeksi ya safuwima hizo mbili. Spring Data 3.1 ya mwaka 2023 ilileta `Window` na `ScrollPosition` kwa kazi hii. Gharama yake ni kwamba huwezi kuruka moja kwa moja hadi ukurasa wa 37, na safuwima za kupangia zisiwe na `NULL`. Tena lazima ziwemo kwenye record uliyochagua, la sivyo Spring haina pa kuendelea kutoka. Ukiondoa `id` kwa kuwa skrini haiihitaji, umeikata kamba.

Mwisho, mwanachama pamoja na orodha ya mapokezi yake. Ukiunganisha `join fetch` ya mkusanyiko (kuvuta mwanachama na orodha yake kwa ombi moja) na `Pageable`, Hibernate huleta matokeo yote kisha hukata ukurasa kwenye kumbukumbu ya Java, ikiacha onyo tu kwenye logi: `HHH000104` katika matoleo ya zamani, `HHH90003004` katika toleo la 6. Weka `hibernate.query.fail_on_pagination_over_collection_fetch=true` ili kosa lilipuke kwenye majaribio. Kisha gawa kazi mara mbili: kwanza leta id 20 za ukurasa, halafu leta wanachama hao kwa `where m.id in :ids`, ukirudia `order by` ileile, kwa kuwa `in` haihifadhi mpangilio.

Kabla ya kuandika record yoyote, washa logi ya `org.hibernate.SQL`, chukua kwiri ya ukurasa wa kwanza na ya ukurasa wa 2,000, uziendeshe kwa `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`, inayoonyesha vipande vilivyosomwa. Zikisoma vipande karibu sawa lakini skrini bado ni nzito, tafuta safuwima nene. Ya pili ikisoma maelfu zaidi, anza na `OFFSET`.