Je, damu inaweza kutuambia nani atadhurika na mionzi?

Wanawake wawili wenye saratani ya matiti wanaweza kupewa dozi ileile, tuseme grei 40 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi) katika vikao 15, mmoja akapata wekundu wa ngozi unaokwisha baada ya wiki chache, na mwenzake, miaka kadhaa baadaye, titi likakakamaa kwa makovu. Dozi za kawaida zimepangwa kwa kuangalia wagonjwa wengi kwa pamoja, ili wanaopata madhara makubwa ya kudumu wabaki wachache, takriban asilimia 5, na kwa hiyo hao wachache ndio wanaoweka mpaka wa dozi ya wote. Sasa kwa kuwa tiba ya mionzi inapatikana Nakuru na Eldoret hapa Kenya, swali la kuwatambua mapema kwa kupima damu linatuhusu moja kwa moja.

Wanaotetea kipimo hiki wana hoja nzito. Limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, hupatikana kwa sindano moja tu, nazo huweza kuchochewa zigawanyike maabarani kwa protini inayotolewa kwenye maharagwe mekundu. Seli zikipigwa mionzi ndani ya chupa, mtaalamu huhesabu kwa darubini kromosomu zilizovunjika. Grei 1 hukata nyuzi zote mbili za DNA katika sehemu 30 hadi 40 kwa kila seli, na mwili hutakiwa kuziunga. Watu waliorithi kasoro ya jeni ya ATM hushindwa kuziunga ipasavyo, na damu yao huonyesha tofauti hiyo waziwazi.

Lakini wagonjwa wengi hawana kasoro kubwa kama hiyo. Katikati matokeo hupishana kidogo mno, mtu yuleyule akipimwa mara mbili huenda akapata majibu tofauti, na maabara mbili huhesabu kwa namna mbili. Zaidi ya hayo, kuna jambo ambalo naliona ndilo kiini cha mjadala. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wanawake wapatao 500 wenye saratani ya matiti, ulipima ni limfosaiti ngapi hufa baada ya kupigwa grei 8, na ukaonyesha kwamba wale ambao seli zao zilikufa *kidogo* ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata makovu. Seli inayoonekana imara ikawa ishara ya titi lililo dhaifu! Wepesi wa kudhurika, basi, si sifa moja ya mtu mzima inayosomeka kwenye tone la damu. Ngozi, utumbo na limfosaiti kila kimoja kina namna yake ya kuumia.

Kanda ya Ziwa ya Kenya inaongeza ugumu mwingine, kwani VVU na malaria hugusa seli hizihizi tunazotaka ziwe mashahidi. Watafiti wa Afrika Kusini walishaona dalili za kromosomu kuharibika zaidi katika damu ya watu wenye VVU. Tukichukua kiwango kilichowekwa kwa wagonjwa wa Ulaya, mama wa Kisumu mwenye saratani ya mlango wa kizazi anaweza kuhesabiwa kuwa mwepesi wa kudhurika kwa sababu ya virusi, apunguziwe dozi, na uvimbe urudi. Kosa hilo ni baya kuliko makovu, ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kipimo kianze kuamua dozi sasa.

Hata hivyo, kusubiri Ulaya itujibie hakutoshi. KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, ina maabara Kisumu zilizozoea damu ya wagonjwa wa malaria na VVU. Damu ichukuliwe kabla ya tiba, dozi isibadilishwe, baadaye tuone nani amedhurika, na matokeo yalindwe kama taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mwajiri asiyaone. Kazi ngumu zaidi itakuwa kumfuatilia mgonjwa aliyerudi Busia au Siaya, ambaye mionzi ikimsababishia kutokwa damu kwenye mkojo miaka mitatu baadaye atakwenda zahanati iliyo karibu, pasipo na anayemuuliza kama aliwahi kupigwa mionzi. Nauli na simu za kumfikia mgonjwa huyo ndizo ningezitafutia fedha kwanza, kabla ya darubini mpya.